Fahamu: Bima ya afya ya mwanafunzi wa chuo na mfuko wa mzazi wa Singida

Mwanafunzi anayeripoti kampasi ya Singida ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania, au atokaye wilayani Mkalama kwenda kusoma Dodoma, aghalabu hukuta katika orodha ya malipo, chini ya ada, mstari wa bima ya afya: Shilingi 50,400 kwa mwaka, kiwango ambacho Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) umewatoza wanafunzi kwa miaka mingi, nacho ni sawa na Shilingi 4,200 kwa mwezi.

Si ghali, walakini hudaiwa kwa mkupuo, tena Oktoba au Novemba, ilhali mkulima wa alizeti huvuna katikati ya mwaka, na hadi chuo kifunguliwe fedha ile imekwisha kuwa nauli, godoro na sare za watoto wadogo. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) nao una mafungu ya ada, chakula na malazi, vitabu na mafunzo kwa vitendo. Bima haimo, hivyo mnyonge huikata katika posho ya chakula, jambo ambalo kwa rai yangu si insafu.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeamuru kila mkazi awe na bima, ikaanzisha na mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Basi, mwanafunzi ambaye kaya yake imo katika mpango wa Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) na ahifadhi uthibitisho wake, aupeleke kwa afisa ustawi wa jamii. Na mwenye kadi hai ya bima kupitia kwa mzazi awasilishe nakala chuoni kabla ya kulipa, asije akatozwa mara mbili.