Siku Nne Kando ya Ziwa Bled

Nchini Slovenia watoto hurudi shuleni tarehe 1 Septemba. Baada ya hapo mji wa Bled hupungukiwa na kelele. Familia zilizokuja kuogelea wakati wa kiangazi zimekwisha funga mizigo, na asubuhi ukungu hutanda juu ya ziwa hata usione ng'ambo. Jua likipanda, ukungu huinuka taratibu kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa, na milima hutokea mmoja mmoja. Majani ya miti yameanza kugeuka: machache ya manjano, mengine mekundu, mengi yakiwa bado kijani. Huo ndio wakati tuliouchagua kwenda huko.

Bled ni mji mdogo wenye wakazi wapatao elfu tano, yapata kilomita 55 kaskazini-magharibi ya mji mkuu, Ljubljana. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita mbili na kidogo, na njia ya kulizunguka kwa miguu ni kama kilomita sita. Juu ya mwamba imejengwa ngome ambayo ilitajwa katika maandishi mnamo mwaka 1011. Nyuma yake ni milima ya Alps, na mrefu kuliko yote nchini humo ni Triglav, wenye mita 2,864, ambao Waslovenia wameuchora hata katika bendera yao. Katikati ya maji kuna kisiwa kidogo chenye kanisa.

Tulikuwa wanawake watatu. Kwa miaka mitatu tulikuwa tukicheza upatu, na safari hii fedha hazikuwa za kununulia makochi wala vyombo, bali nauli. Binti wa mmoja wetu anasoma Ljubljana, naye ndiye aliyetutumia barua ya mwaliko kwa ajili ya viza. Wawili kati yetu tuliwaachia waume zetu nyumba na watoto, pamoja na maagizo marefu yaliyobandikwa ukutani jikoni. Mwenzetu wa tatu hakuwa na wa kumwachia maagizo. Mume wake alifariki mwaka uliotangulia, akamwachia watoto wanne, nyumba, na ng'ombe wawili wa maziwa ambao ndio wanaolipa ada za shule.

Alipofiwa alitaka kujitoa katika upatu, nasi tukamkatalia. Kina mama mnafahamu mambo yanavyokuwa. Matanga yakiisha, mjane hupungua katika orodha za waalikwa. Anaalikwa jikoni kumenya vitunguu, lakini watu wanapoketi wawili wawili mezani hakuna anayemwekea kiti. Tulisema kama ni kwenda tutakwenda watatu, au fedha zirudi kwa wenyewe.

Siku ya kwanza tulitembea tu. Viatu viwe vya kufunga vizuri, na sweta iwe karibu, kwa sababu mchana waweza kuvaa gauni jepesi lakini jua likitua baridi hushuka ghafula. Mikahawa ya kando ya maji si ya mfuko mdogo. Tulinunua mikate, jibini na matufaha dukani, tukala kwenye benchi huku bata wakubwa weupe wenye shingo ndefu wakitukodolea macho. Chai ya maziwa iliyochemshwa barabara hatukuipata mahali popote, na tulikwisha kata tamaa siku ya pili.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho si haki kukikosa. Ni keki ya mraba iitwayo kremšnita: chini utando mwembamba wa unga uliookwa, juu yake kastadi nzito ya mayai, kisha krimu iliyopigwa, halafu utando mwingine wenye sukari ya unga. Mpishi Ištvan Lukačević aliianzisha katika Hotel Park mwaka 1953, na tangu hapo zimeuzwa mamilioni kwa mamilioni. Ni kubwa. Tulinunua mbili kwa watu wanne, binti akiwemo, na zilitutosha.

Sifa ya Bled kama mahali pa kupumzikia ilienea kwa juhudi za Mswisi mmoja, Arnold Rikli, aliyefungua nyumba ya tiba hapo mwaka 1855. Tiba yake ilikuwa maji, hewa na jua. Matajiri walitoka mbali wakalipa fedha nyingi ili waamshwe mapema na kutembea pekupeku. Tulicheka sana, kwa maana hiyo ni tiba ambayo mama zetu waliipata bure kila asubuhi wakienda kuchota maji. Lakini tofauti ipo: wagonjwa wa Rikli walitembea bila ndoo kichwani.

Siku ya pili tulivuka kwenda kisiwani. Mashua za injini haziruhusiwi katika ziwa hili, kwa hiyo wageni huvushwa kwa mashua za mbao zenye chini bapa na paa la turubai, ziitwazo pletna. Mpiga makasia husimama nyuma, kasia moja katika kila mkono. Kazi hiyo hurithiwa katika familia, baba kwa mwana. Husikii kitu isipokuwa maji yakigonga mbao.

Ukishuka unakutana na ngazi 99 za mawe. Desturi ni kwamba siku ya arusi bwana arusi humbeba bibi arusi mikononi kutoka chini mpaka juu, naye bibi arusi hapaswi kutamka neno njiani. Sisi tulipanda polepole, tukipumzika mara tatu, na kunyamaza hatukunyamaza.

Ndani ya kanisa, kamba ya kengele inaning'inia mbele ya madhabahu, na wageni hupanga mstari kuivuta. Hadithi yake ni hii. Zamani katika ile ngome aliishi mjane kijana jina lake Poliksena. Mume wake aliuawa na majambazi, na mwili wake ukatupwa ziwani. Mjane akakusanya dhahabu na fedha yake yote, akaifanyiza kengele kwa ajili ya kanisa la kisiwani. Siku ya kuivusha ilizuka dhoruba, na mashua, wapiga makasia na kengele vikazama. Poliksena akauza vyote vilivyobaki, akaenda Roma kuwa mtawa. Baada ya kifo chake, papa aliyesikia habari zake akatuma kengele nyingine. Wanasema atakayeipiga mara tatu na kuomba kwa moyo atapewa haja yake.

Binti alipomaliza kututafsiria maelezo hayo, sisi wawili hatukuthubutu kumtazama mwenzetu. Tulidhani machozi yatamtoka. Badala yake aliuliza: "Huyu mama alikuwa na watoto?"

Binti akasema hadithi haisemi.

"Kama alikuwa nao, walikula nini?"

Tulitoka nje tukaketi juu ya ukuta wa mawe, naye akatueleza jambo ambalo alikuwa hajatueleza waziwazi nyumbani. Wiki ya tatu baada ya mazishi, shemeji zake walikuja kuuliza hati ya nyumba iko wapi. Waliuliza na habari za ng'ombe. Walimwambia mwanamke mwenye huzuni ya kweli hahesabu mali. Yeye aliifunga hati ile katika kanga na kuipeleka kwa mwenyekiti wa wanawake wa kanisa, na tangu siku ile shemeji zake hawamsalimu. "Kulia nimelia," alisema. "Lakini dhahabu ningeibakiza."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka mpiga makasia akaanza kutuita.

Kabla ya kushuka alirudi ndani peke yake, akasimama katika mstari pamoja na vijana wenye kamera. Kwa imani yetu haja hazipelekwi kwa kengele, naye anajua hivyo kuliko sisi. Aliivuta mara tatu, kwa nguvu za mtu aliyezoea kamba ya kisima. Hatukumuuliza aliomba nini.

Siku ya tatu tulikwenda Radovljica, kilomita chache kutoka Bled, kwenye makumbusho ya ufugaji wa nyuki. Sehemu hizi ndiko alikozaliwa Anton Janša, mwaka 1734, aliyekuja kuwa mwalimu wa kwanza wa ufugaji nyuki katika jiji la Vienna. Siku yake ya ubatizo, tarehe 20 Mei, ndiyo Siku ya Nyuki Duniani tangu mwaka 2018. Mizinga ya zamani ilichorwa picha mbele. Nyingine ni za watakatifu, nyingine za kuchekesha, kama ile ya kinu ambamo wanawake wazee wanatiwa juu na kutoka chini wakiwa wasichana. Mmoja wetu alitaka kujua foleni ya kinu hicho inaanzia wapi.

Siku ya mwisho binti alitupeleka Bohinj, ziwa jingine lililo kama kilomita 25 ndani zaidi ya milima. Mwezi Septemba ng'ombe waliokaa malishoni mlimani kiangazi chote huteremshwa, nao watu hufanya sherehe ya kuwapokea. Walipita mbele yetu wakiwa na mashada ya maua pembeni na kengele kubwa shingoni, kelele zake zikijaa bonde lote. Tuliambiwa kuwa watakaa zizini mpaka majira ya kuchipua, wakila nyasi zilizokatwa kiangazi na kukaushwa juu ya vichanja virefu vya mbao, vilivyoezekwa paa jembamba ili mvua isiozeshe majani.

Vichanja hivyo viko kila shambani. Wakati sisi tukipiga picha za ng'ombe, mwenzetu alikwenda kwenye kimoja, akakipima kwa hatua, akashika nguzo zake, akatazama jinsi fito zilivyopachikwa. Kisha akamwomba binti kalamu. Mchoro ule aliukunja vizuri, akautia katika pochi yake pamoja na hati ya kusafiria.