Mgeni njoo, mwenyeji apone: somo la Kasongo kwa uuguzi wa dunia

Wageni wa sekta ya afya wanapoingia kusini mwa Maniema, mtu watakayemkuta kituoni ni muuguzi, si daktari. Katika vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, kama ilivyo vijijini kote Kongo, muuguzi ndiye anayempima mgonjwa, anayemwandikia dawa na anayeamua nani apelekwe hospitali. Hospitali yenyewe inaweza kuwa safari ndefu ya pikipiki, baiskeli au miguu, kwenye barabara inayogeuka tope mvua ikinyesha.

Ndiyo maana ushirikiano wa kimataifa katika uuguzi si suala la mikutano tu huku. Wageni wakiondoka, muuguzi huyo anabaki na nini?

Kasongo imewahi kulijibu swali hilo. Mwaka 1971, Zaire ya wakati huo na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, zilianzisha Mradi wa Kasongo. Hospitali moja ilizungukwa na vituo vya afya vilivyoongozwa na wauguzi, na kila kituo kiliwajibika kwa wakazi wa eneo lake.

Ili muuguzi aweze kazi ambayo kwingine aliachiwa daktari, iliandaliwa miongozo ya hatua kwa hatua: mgonjwa akija na kikohozi, uliza hili, pima lile, kisha toa dawa au mpeleke hospitali. Kazi ya daktari ilikuwa kumsimamia na kumwelekeza, si kuchukua nafasi yake.

Mwaka 1981 jarida la tiba la Uingereza, The Lancet, lilichapisha utafiti kutoka Kasongo kuhusu chanjo ya surua kwa watoto wa miezi 7 hadi 35. Waandishi walihoji iwapo baadhi ya watoto waliookolewa na surua hawakufa baadaye kwa maradhi mengine. Watafiti wengine walilipinga hilo, na tafiti za baadaye zimeonyesha wazi kuwa chanjo hiyo huokoa maisha. Hata hivyo, dunia ilikuwa imejadili takwimu za Kasongo, na utafiti ulitoka kwa jina la Timu ya Mradi wa Kasongo, si la bingwa mmoja.

Uzoefu huo, pamoja na wa maeneo mengine ya nchi, ulichangia mfumo wa kanda za afya unaotumika Kongo hadi leo. Sasa kanda hizo ni 519.

Upande wa Kabambare mambo ni magumu zaidi. Dhahabu ya Namoya, karibu na Salamabila, imevuta wachimbaji na pia watu wenye silaha. Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka limewahi kuhudumia wagonjwa Salamabila, wakiwemo waathiriwa wa ukatili wa kingono. Lakini risasi zikilia, mgeni anaweza kuondolewa. Muuguzi aliyezaliwa hapo ana familia, na mara nyingi hana pa kwenda.

Kuna hatari nyingine, ya kimya. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mwaka 2025 inasema dunia ina wauguzi milioni 29.8 na ilipungukiwa na milioni 5.8 mwaka 2023. Muuguzi mmoja kati ya saba anafanya kazi nje ya nchi aliyozaliwa. Kongo imo katika orodha ya WHO ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, ambazo mataifa tajiri yanatakiwa kutokwenda kuwavuna watumishi wao.

Kwa hiyo, mwenzetu wa kutoka nje akaribishwe. Aje na dawa, vifaa na ujuzi, ajifunze Kiswahili cha Kasongo, na amsikilize muuguzi anayeijua kila njia ya kijiji chake. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kipimo cha kupona huko ni kimoja: siku gari la mradi litakapoondoka, kituo kibaki wazi na muuguzi awe na cha kumpa mgonjwa.