Mimea ya Mchanga wa Shela

Mtu ashukaye Shela, katika kisiwa cha Lamu, huona vilima vyeupe vya mchanga vikifuata bahari, na mara nyingi husema kwamba hapo hapaoti kitu cha maana. Nami nilidhani hivyo nilipokuwa mtoto. Siku moja tulikuwa tukiung'oa mlakasa ili tupate kamba za kuchezea, akapita bibi mmoja na mzigo wa miyaa kichwani. Alisimama akatuambia, "Wanangu, mwang'oa maji yenu." Tulicheka. Ilinipasa kusoma jiografia ndipo nikamfahamu.

Mlakasa ni mmea utambaao. Jani lake limepasuka kama ukwato wa mbuzi, na ua lake ni la zambarau. Shina huenda mita nyingi, na kila kifundo kigusapo mchanga hutoa mizizi. Upepo wa kusi ukivuma, mchanga hunaswa katika majani. Na mmea ukifukiwa huchipua tena juu yake. Hivyo kilima hukaa mahali pake. Mbegu zake huelea baharini bila kufa, ndiyo sababu mlakasa huonekana katika pwani za joto duniani kote.

Nyuma ya vilima, upepo unapopungua, huota mkoma. Mnazi hauna matawi, lakini mkoma hugawanyika panda. Majani yake machanga hukatwa, hukaushwa na kuchanwa, nayo ndiyo miyaa. Wanawake husuka miyaa kuwa ukili, kisha huushona ukili ukawa mikeka, misala na vikapu. Mkataji mwenye adabu hauchukui moyo wa mti, kwani moyo ukikatwa shina lile hufa. Watoto nao hutafuna makoma, ingawa kwa kweli ni kazi kubwa kwa utamu kidogo!

Mswaki sina haja ya kuueleza sana. Huvumilia chumvi ya ardhi, na mzizi wake ukitafunwa ncha husafisha meno vizuri.

Sasa nirudi kwa maneno ya bibi. Mvua inyeshapo juu ya vilima haitiririki, bali huzama mara moja. Chini yake mchanga umejaa maji ya bahari, nayo ni mazito zaidi: lita 1 ya maji ya bahari huzidi lita 1 ya maji ya mvua kwa yapata gramu 25. Kwa hiyo maji matamu hukaa juu ya maji ya chumvi, kama mafuta yakaavyo juu ya maji. Hesabu yake ni ya ajabu. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko yapata mita 40 chini ya usawa huo. Basi maji ya juu yakishuka mita 1 tu, chumvi hupanda kwa muda hata mita 40.

Visima vya Shela ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Mlakasa ukiondolewa, upepo huuchukua mchanga; mchanga ukichotwa, au majumba yakijengwa juu yake, mahali pa kuwekea mvua hupungua. Na kisima kilichokwisha ingia chumvi hakirudi kuwa kitamu kwa masika moja.