Mchuzi wa Nsansa Wakati wa Kiangazi

Wasomaji wetu wa Shinyanga wajua kuwa mvua zikisha katika mwezi wa Mei, mboga mbichi huadimika mpaka Novemba. Geita, iliyo karibu na Ziwa Victoria, hupata mvua zaidi, lakini huko nako bustani hukauka. Ndiyo sababu Wasukuma tangu zamani hukausha majani ya kunde, nayo huyaita nsansa.

Twaona wengi huyaanika juani. Jua kali hupunguza vitamini A, ambayo hulinda macho ya watoto. Yafaa majani yachovywe kwanza katika maji yanayochemka, kwa muda mfupi tu, kisha yatandazwe kivulini penye upepo.

Siku ya kupika, nsansa zioshwe vumbi upesi, zitiwe chunguni pamoja na maji, kitunguu, na nyanya kama zipo. Maji hayo yasimwagwe. Ndiyo mchuzi wenyewe. Zikilainika, hutiwa karanga zilizotwangwa na kukorogwa kwa moto mdogo, maana karanga hushika chini upesi. Mafuta yake huusaidia mwili kuipokea vitamini A.

Karanga zenyewe zichaguliwe moja moja. Yenye ukungu itupwe, wala kuku wasipewe, kwa kuwa sumu yake haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 sumu ya namna hiyo, iliyokuwa katika mahindi, iliua watu Dodoma na Manyara.

Mchuzi huu huliwa kwa ugali wa mtama au, jioni za baridi za Julai, kwa michembe iliyochemshwa. Mzee asiye na meno huunywa mtupu.