Dooars: Kwenye mashamba ya chai ambako tembo wana njia zao

Katika mfululizo wetu wa maeneo ya dunia yanayolima chai, leo tunakupeleka kaskazini-mashariki mwa India, chini ya milima ya Himalaya. Eneo hilo linaitwa Dooars. Wageni huenda huko kuona misitu, tembo, vifaru na mashamba ya chai yasiyo na mwisho. Wewe unayetusikiliza kutoka Mufindi, Rungwe, Lushoto au Kericho utayafahamu mengi kati ya hayo. Lakini kuna jambo moja ambalo mgeni asipoelezwa, atapita bila kuliona: kule chai ilipandwa juu ya njia za tembo, na tembo hawajaziacha.

Jina lenyewe lina maana gani?

Katika lugha za huko, duar ni mlango. Hapo kale ilihesabiwa milango 18, yaani mapito ya mabonde ambayo watu wa Bhutan waliyatumia kushuka kutoka milimani kwenda tambarare kufanya biashara. Dooars ni ukanda mrefu unaofuata mpaka wa Bhutan. Kwa upande wa magharibi unaanzia mto Teesta. Mto Sankosh unaugawa mara mbili: sehemu moja iko katika jimbo la West Bengal, nyingine katika jimbo la Assam. Habari yetu inahusu zaidi sehemu ya West Bengal.

Kabla ya Waingereza, eneo hilo lilikuwa chini ya Bhutan. Mwaka 1864 vita vilizuka kati yao, na mwaka 1865 ukasainiwa mkataba wa Sinchula. Bhutan ikaiachia Uingereza ukanda huo, na Uingereza ikakubali kuilipa fedha kila mwaka. Haikupita miaka 10, chai ikaingia. Shamba la kwanza lilifunguliwa Gajoldoba mwaka 1874.

Kwa nini chai ilikubali?

Mkulima wa chai ataelewa mara moja. Mvua ni nyingi, zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi. Ardhi ina mteremko, kwa hiyo maji hayatuami kwenye mizizi. Hewa ina joto na unyevu. Tofauti na kwetu, kule kuna majira ya baridi ambayo mchai hulala. Kuanzia Desemba hadi karibu na mwisho wa Februari hakuna kuchuma, mashamba hupogolewa na viwanda hunyamaza. Mvua za kwanza zikianguka, machipukizi hutoka na kazi huanza upya.

Juu ya Dooars, milimani, kuna Darjeeling, ambako hutoka chai yenye harufu inayouzwa ghali. Chai ya Dooars ni ya kazi nyingine. Sehemu kubwa husindikwa kwa mashine za CTC, zile za rola zenye meno zinazokata, kurarua na kuviringisha jani hadi liwe chembe ndogo. Mashine hizo zilibuniwa Assam miaka ya 1930, na leo ndizo zinazotoa chai nyingi ya Kenya pia. Chai ya namna hiyo hutoa rangi haraka na hupikwa vizuri na maziwa na tangawizi. Ni chai ya nyumbani.

Nani waliipanda?

Waingereza walihitaji watu wengi wa kufyeka msitu na kuchuma. Wakawaleta kutoka nyanda za Chota Nagpur, mamia ya kilomita upande wa kusini-magharibi: Waoraon, Wamunda, Wasanthal na jamii nyingine. Wengine walishuka kutoka Nepal. Kwa kuwa kila kundi lilikuwa na lugha yake, lugha ya Sadri ikawa ya kuwaunganisha, kama Kiswahili kilivyowaunganisha watu wa makabila mbalimbali kwenye mashamba makubwa ya mkonge ya Tanga.

Wajukuu na vitukuu vyao ndio wanaochuma leo, na wengi wa wachumaji ni wanawake. Wanaishi ndani ya mashamba, kwenye safu za nyumba zinazoitwa laini. Sheria ya India ya mwaka 1951 ilimtaka mwenye shamba awape nyumba, maji na matibabu. Ilikuwa sheria nzuri, lakini ilikuwa na upande wa pili. Nyumba na ardhi si vyao. Familia inaweza kukaa vizazi vinne na bado ikategemea kwamba kuna mtu wa nyumba hiyo aliye kazini. Shamba likifungwa, kama yalivyofungwa kadhaa, mshahara hukatika, na huduma za maji na zahanati hukatika pamoja nao. Mwaka 2023 ujira wa mchumaji katika jimbo hilo ulipandishwa hadi rupia 250 kwa siku, takriban dola tatu za Marekani.

Tembo wanaingiaje hapa?

Tembo wa eneo hilo wana desturi ya kusafiri kati ya mto Sankosh upande wa mashariki na mto Mechi kwenye mpaka wa Nepal. Zamani walipita msituni moja kwa moja. Leo msitu umekatika vipande vipande: hifadhi ya Buxa, kisha Jaldapara yenye vifaru wa pembe moja, kisha Chapramari na Gorumara. Katikati ya vipande hivyo kuna mashamba ya chai, vijiji, barabara na kambi za jeshi.

Tembo hali majani ya chai. Anapita tu, na mara nyingi hupita usiku. Lakini mpunga na mahindi yanapokomaa, hugeuka na kuingia mashambani. Hunusa pia chakula na pombe ya mchele iliyohifadhiwa ndani ya nyumba, akabomoa ukuta kuifuata. Wanaolala kwenye laini ndio wanaokutana naye. Silaha zao ni tochi, mafataki na kelele. Serikali hulipa fidia, kile ambacho sheria za Tanzania hukiita kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa maisha. Wasikilizaji wetu wanaopakana na hifadhi wanajua kwamba machozi hayafutiki kwa urahisi.

Kuna chui pia. Mitaro ya kutolea maji kati ya mistari ya michai ina kivuli na utulivu, na chui jike huitumia kuzalia. Mchumaji anayeinamia kichaka cha chai anaweza kujikuta hatua mbili kutoka kwa mama mwenye watoto. Ndiyo maana katika baadhi ya mashamba hupigwa ngoma au mafataki kwanza, ndipo watu waingie kuchuma.

Na reli je?

Mgeni akifika kwa treni hushukia New Jalpaiguri, karibu na mji wa Siliguri. Akija kwa ndege hutua Bagdogra. Kutoka Siliguri kuna reli inayokwenda Alipurduar, na inapita ndani kabisa ya misitu. Tangu mwaka 2021 kuna treni ya watalii yenye behewa la madirisha makubwa na paa la kioo. Ni safari ya kupendeza, unaona mito mipana ya kokoto, michai na vilima vya Bhutan kwa mbali.

Reli hiyo hiyo imeua tembo wengi. Ilipopanuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, treni zikaongezeka na mwendo ukaongezeka. Septemba 2010, usiku, treni ya mizigo iliua tembo saba karibu na Binnaguri. Novemba 2013 tembo wengine kadhaa waligongwa karibu na msitu wa Chapramari.

Baada ya hapo madereva waliwekewa ukomo wa mwendo kwenye maeneo ya msitu. Shirika la reli likaanza pia kujaribu mfumo unaoitwa Gajraj, maana yake mfalme wa tembo. Nyaya za mawasiliano zilizolazwa kando ya reli huhisi mtikisiko wa miguu mizito, na taarifa hufika kituoni ili treni ipunguze mwendo au isimame. Hapa binadamu anajifunza kumpisha mnyama, badala ya kungoja mnyama ajifunze ratiba ya treni.

Ukipata nafasi ya kwenda

Nenda kati ya Oktoba na Machi, kwa sababu hifadhi hufungwa wakati wa mvua kubwa, kuanzia katikati ya Juni hadi katikati ya Septemba. Kama unataka kuona watu wakichuma, fika Oktoba, Novemba au Machi. Ingia msituni na mwongozaji mwenye kibali. Usitembee kwa miguu kwenye barabara za mashamba baada ya jua kuzama, hata kama hoteli iko karibu. Na kabla ya kumpiga picha mchumaji, msalimie na uombe ruhusa, maana yuko kazini.

Wengi wetu hatutafika Dooars. Lakini jambo lake liko karibu nasi. Shamba likichorwa kwenye karatasi ofisini, njia za wanyama mara nyingi hazichorwi, na gharama ya kusahau huko haimfikii aliyechora. Inamfikia anayelala kwenye nyumba ya mwisho, pembeni mwa msitu.

Kijijini kwenu ushoroba wa wanyama unapita wapi, na nani aliulizwa kabla ya ardhi kugawiwa? Tutumie ujumbe mfupi. Tutazisoma habari zenu hewani katika kipindi kijacho.