Nani atalinunua Kombe la Chalenji?

Michuano ya timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati ilizaliwa kama tangazo la sabuni. Mwaka 1926 kampuni ya Gossage ya Uingereza, iliyokuwa ikiuza sabuni zake Kenya na Uganda, ilitoa kombe lishindaniwe na makoloni hayo mawili. Tanganyika iliingia mwaka 1945, Zanzibar ikafuata mwaka 1949, na kwa miaka 40 mabingwa wa kanda hii walibeba kombe lenye jina la mtengeneza sabuni. Baadaye jina likawa Chalenji, baraza la soka la kanda, CECAFA, likaundwa mwaka 1973, na hadi leo hakuna michuano ya kanda barani Afrika yenye historia ndefu kuliko hii.

Kwa umri huo ungetegemea hazina iliyonona. Badala yake, kombe halikuchezwa mwaka 2014, halikuchezwa 2016, na 2018 nako likakosekana. Desemba 2019 Uganda ilitwaa ubingwa jijini Kampala kwa kuifunga Eritrea mabao 3-0 na kufikisha mataji 15. Mwaka 2021 michuano ikafanyika Bahir Dar, Ethiopia, lakini kwa vijana wa chini ya miaka 23, ambako Tanzania iliibuka bingwa kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Burundi. Bidhaa inayopatikana sokoni mwaka huu na kutoweka mwaka unaofuata haiwezi kumshika mteja, na hapo ndipo ulipo ugonjwa wa Chalenji.

Tuangalie gharama zake. CECAFA ina wanachama 12. Kila timu ikileta wachezaji na viongozi 30, hao ni watu 360 wa kulala hotelini, kula, kusafirishwa kwenda mazoezini na kurudishwa, kwa takribani wiki mbili. Ongeza waamuzi, ulinzi, madaktari, posho na tiketi za ndege katika kanda ambayo kusafiri kati ya miji mikuu miwili jirani kunaweza kuwa ghali kuliko kwenda Dubai. Mzigo huu kwa sehemu kubwa humwangukia mwenyeji. Mwenyeji hukimbilia serikali, serikali huangalia bajeti, na kama ni mwaka wa uchaguzi au wa ukame, jibu linajulikana kabla barua haijafika wizarani.

Nafuu imekuwa ikitoka kwa mdhamini mmoja mmoja. Mwaka 2005 kombe lilichezwa Rwanda likiwa na jina la bilionea Mohammed Al Amoudi. Kisha ikaja bia: Tusker ilidhamini michuano ya Dar es Salaam mwaka 2010, pale Kili Stars wa Tanzania Bara walipowafunga waalikwa Ivory Coast bao 1-0 katika fainali, na ikaendelea hadi Kampala mwaka 2012. Mwaka 2013 jijini Nairobi ikawa zamu ya ving'amuzi vya GOtv, Kenya ikachukua kombe siku ya Jamhuri. Mwaka uliofuata hapakuwa na michuano kabisa. Mdhamini alikuwa ndiye nguzo ya nyumba nzima, na asipokuwapo hapakuwa na nguzo nyingine.

Bia ina tatizo lake pia, nalo halizungumzwi vya kutosha. Huwezi kuzungushia mabango ya bia uwanja wa Khartoum au Mogadishu, na hata Unguja utapata shida. Kampuni za kubashiri, ambazo siku hizi ndizo zenye fedha za haraka kwenye soka la Afrika, zinagonga ukuta uleule. Theluthi ya wanachama wa CECAFA au zaidi wana wakazi wengi Waislamu. Mdhamini anayefaa kanda hii ni yule anayeweza kutundika bango lake kuanzia Asmara hadi Mtwara bila kumkwaza mtu.

Wapo, na hawako mbali. Benki ya KCB ya Kenya ina matawi katika nchi sita wanachama: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini. Equity iko katika tano kati ya hizo. CRDB ya Tanzania imevuka mpaka ikaingia Burundi na Kongo. Airtel inauza laini Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Kampuni hizi zinatumia fedha nyingi kumshawishi mwananchi wa kila nchi kwa matangazo ya nchi hiyo peke yake. Michuano inayotazamwa na nchi hizo zote kwa usiku mmoja ingezipa kile ambacho mawakala wao wa matangazo hukinunua vipande vipande. Lakini hakuna ofisa masoko atakayetia saini kwa michuano ambayo hajui itachezwa lini, wala wapi.

Haki za matangazo ya televisheni nazo zina somo. Mwaka 2021 Azam Media iliingia mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya Sh225.6 bilioni kuonyesha Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Fedha hizo hazikupatikana kwa sababu kila mechi ya ligi ni tamu. Zilipatikana kwa sababu ligi ina ratiba, ina mwanzo na mwisho unaojulikana, na mnunuzi alipewa muda mrefu wa kurudisha mtaji wake. Kila Chalenji ikiuzwa peke yake, tena wiki chache kabla ya kipenga, haiwezi kufika karibu na hapo.

Kusini mwa Afrika waliliona hili mapema. Baraza lao la COSAFA lilianzisha kombe lake mwaka 1997, na bia ya Castle ikawa jina lililozoeleka kwa miaka mingi. Nao wamewahi kuruka miaka, hilo nakiri. Hata hivyo wameondoka na wateja wetu: Malawi iliyotwaa ubingwa wa CECAFA mwaka 1978, 1979 na 1988, Zambia ya 1984 na 1991, na Zimbabwe ya 1985. Nchi tatu zenye wachezaji, watazamaji na kampuni kubwa zimehamishia shughuli zao huko. Tanzania yenyewe ilialikwa COSAFA mwaka 2017, ikaitoa Afrika Kusini na kumaliza ya tatu.

Husemwa kuwa mashabiki hawaitaki Chalenji kwa sababu haina mastaa. Ni kweli michuano huchezwa nje ya kalenda ya FIFA, kwa hiyo klabu za Ulaya hazilazimiki kumwachia mchezaji, na Novemba na Desemba hata Simba, Yanga na wenzao wanakuwa katikati ya michuano ya klabu ya Shirikisho la Soka Afrika (CAF). Lakini Agosti 2025 ilitoa jibu ambalo kila mfanyabiashara wa soka angepaswa kulisoma. Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, michuano ya wachezaji wa ligi za ndani, ndio walewale wanaojaza vikosi vya Chalenji. Tiketi za mechi za timu ya Kenya, Harambee Stars, ziligombaniwa hadi CAF ikapunguza idadi ya watu wa kuingia Uwanja wa Kasarani kwa sababu za usalama. Viwanja vya Mkapa na Namboole navyo vilipata shangwe zake. Wauza jezi wa Kariakoo, waendesha bodaboda na mama lishe wa jirani na viwanja walivuna, na wenye vibanda umiza walipata wateja usiku ambao Ligi Kuu ya England ilikuwa bado haijapamba moto.

Tofauti haikuwa wachezaji. CHAN ilikuwa na zawadi ya jumla ya dola milioni 10.4, bingwa Morocco akiondoka na milioni 3.5. Ilikuwa na mdhamini mkuu mwenye mkataba wa muda mrefu, TotalEnergies, na matangazo yaliyouzwa mapema. Linganisha na Kombe la Kagame, michuano ya klabu ya CECAFA, ambalo tangu 2002 limetegemea dola 60,000 za zawadi kutoka mfukoni mwa Rais wa Rwanda. Ni moyo wa kupongezwa, lakini michuano haiwezi kuishi kwa hisani ya mtu mmoja.

Kuna sababu nyingine inayofanya jambo hili kuwa la sasa. Kwa ajili ya AFCON ya 2027, Kenya ilianza kujenga Uwanja wa Talanta wa watu 60,000, ujenzi uliogharamiwa kwa hati fungani ya takribani Sh45 bilioni za Kenya iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Tanzania ilianza kujenga Arusha uwanja wa watu 30,000, Uganda ikaanza kujenga Hoima. AFCON ni mwezi mmoja, ilhali deni ni la miaka mingi. Klabu za nyumbani hazitajaza Talanta kila wiki, wala Hoima. Viwanja hivi vinahitaji mpangaji wa uhakika, na Chalenji ya kila mwaka inayozunguka miji hiyo ni mpangaji bora kuliko matamasha ya kubahatisha.

Kwa Zanzibar hesabu ni nzito zaidi. Si mwanachama kamili wa FIFA wala CAF. Mwaka 2017 CAF iliipa uanachama Machi ikaufuta Julai. Hivyo Chalenji ndiyo michuano mikuu pekee inayomruhusu kijana wa Unguja au Pemba kuvaa jezi ya Zanzibar Heroes mbele ya mawakala wa klabu. Kikosi cha 2017 kilifika fainali Machakos na kushindwa na Kenya kwa penalti tu. Uwezo wa Heroes haujapotea: Januari 2025, nyumbani, waliifunga Burkina Faso 2-1 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi uwanjani Gombani. Kombe likilala, soko la vijana hao linalala nalo.

Viongozi wa CECAFA wanao uwezo wa kuanza bila kumsubiri mfadhili. Watangaze tarehe za miaka minne ijayo, wakiepuka ratiba ya klabu za CAF. Wafunge Chalenji, Kombe la Kagame, michuano ya wanawake na ya vijana katika kifurushi kimoja cha haki za matangazo na udhamini, wakiuze kwa zabuni ya wazi, na watenge fungu la mapato kumlipia mwenyeji hoteli. Zabuni hiyo itoke kabla AFCON ya 2027 haijaanza, wakati kampuni za kanda bado zina hamu ya kuonekana uwanjani.