Shogi za Pikipiki: Alumini au Turubai?

Aliyewahi kumwona punda wa Lamu akipita uchochoroni na mzigo wa mawe ameshaiona shogi: mifuko miwili iliyounganishwa, mmoja kila ubavu, uzito ukilingana. Pikipiki ya safari ndefu nayo hubeba vivyo hivyo. Mama mmoja jirani yetu ametuuliza anunue aina gani, kwani mwanawe anakusudia kuendesha kutoka Mombasa hadi Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Fedha zenyewe ni za zamu yake ya chama, na zamu nyingine i mbali.

Sanduku la alumini ndilo humvutia kila mnunuzi. Lina kufuli, huzuia mvua, na likibonyea hugongwa kwa nyundo likarudi. La plastiki ni jepesi zaidi, lakini likipasuka limepasuka. Yote mawili ni magumu, na hapo ndipo ilipo shaka yetu. Lami itokayo Isiolo hufika Marsabit na kuendelea Moyale. Ukiiacha ukashika njia za magharibi kuelekea ziwani, wakutana na mchanga na mawe meusi ya volkano. Huko kuanguka ni jambo la kutarajiwa. Mpandaji akishusha mguu ili kujizuia, nayo pikipiki ingali yasonga mbele, sanduku huweza kuupiga mguu kwa nyuma na kuuvunja. Mkoba laini wa turubai la nailoni hujikunja.

Mkoba nao una ila zake. Mwizi huukata kwa kisu, na ukigusa bomba la moshi huungua; kwa hivyo wahitaji fremu ya chuma ya kuuweka mbali na bomba na gurudumu. Fremu hiyo nayo huweza kukatika kwa mitikisiko mkoba ukiwa mzima. Tazameni viungo vyake vya kuchomelea kabla ya kutazama bei.

Basi tulimwambia anunue mikoba laini yenye mfuko wa ndani usiopenya maji, na mishono iliyorudiwa mara mbili. Kilo 10 kila upande zatosha. Spana na maji, kwa kuwa ni vizito, vikae chini, karibu na kiti; haluwa na mikate ya mofa juu. Hapo alicheka, maana alikuwa ameshapanga debe zima.

Kijana mwenyewe angali anataka alumini, kwa kuwa yang'aa.